Hana malaria, hana minyoo: mtoto anaumwa nini?

Mwishoni mwa Februari 2024 mama mmoja wa Kibirizi, Kigoma, alimleta mwanawe zahanati kwa mara ya tatu. Mtoto ana miaka 11. Mara ya kwanza walikuja na tumbo, mara ya pili na kichwa, mara ya tatu mama alisema maneno mawili tu: "Halali usiku." Malaria alishapimwa, hana wadudu. Choo kilishapimwa, hana minyoo. Safari hii muuguzi alikuwa ametoka semina na karatasi mpya ya maswali: katika wiki mbili zilizopita umekosa usingizi mara ngapi, umekosa hamu ya kula, umejiona huna maana. Mtoto akajibu kwa adabu, mikono nyuma. Analala. Anakula. Muuguzi akajumlisha alama, zikatoka chache, akasema, "Mwanao mzima, mama. Mpunguzie kazi tu."

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Pale zahanati naelekeza watu foleni na kushika watoto wasianguke kwenye mzani, basi. Nilimsindikiza yule mama hadi getini, naye akaniambia jambo ambalo halikuwa na kisanduku kwenye ile karatasi: "Tumekuja siku mbaya. Saa hizi kuna mbalamwezi."

Asiyekulia kando ya Ziwa Tanganyika hataelewa, kwa hiyo nieleze. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mwezi ukijaa, ziwa zima lina mwanga na taa ya mvuvi haina kazi, ndiyo maana usiku wa mbalamwezi vyombo vinapumzika, nyavu zinashonwa na akina baba wanalala nyumbani. Giza likirudi, jioni injini zinaanza kuunguruma mwaloni, pale vyombo vinapoegeshwa. Baba wa mtoto huyu alitoka jioni moja ya giza mwaka 2023. Chombo kilipatikana, yeye hakupatikana. Tangu hapo mtoto ana kalenda yake: mwezi ukiwa mkubwa analala kama wenzake, giza likiingia na injini zikaanza, tumbo linamkata, anakaa mlangoni hadi alfajiri.

Zile wiki mbili za kwenye karatasi zilikuwa za mwezi unaokua hadi kujaa. Karatasi haikukosea hesabu. Ilihesabu kwa kalenda ya ofisi, na ugonjwa ulikuwa unafuata kalenda ya ziwa. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ya familia hii ili wasitambulike. Mwezi sijaubadilisha.)

Siku hizi kila mradi unaokuja Kigoma au Tabora unaahidi huduma ya afya ya akili "inayozingatia utamaduni". Nimeona maana yake ikiishia kwenye ngoma ya ufunguzi, kanga za sare na bango lenye picha ya mbuyu. Nimeona pia kinyume chake, mtu akisema utamaduni ndio huo, tuwaachie waganga. Njia zote mbili zinamkwepa yule mama wa getini, ambaye alikuwa na taarifa muhimu kuliko zote na hakuulizwa.

Tuanze na maneno, kwa sababu kwa maoni yangu nusu ya tatizo iko hapo. Tunasema "afya ya akili". Sasa chukua neno akili na umpelekee mama wa kawaida wa Ujiji au Urambo. Mtoto mwenye akili ni yule anayeshika namba darasani. Asiye na akili ni mjinga. Aliyerukwa na akili ni kichaa, yule anayeokota makopo sokoni. Ukimwambia mama kwamba mwanawe "ana tatizo la akili", amesikia moja kati ya mambo mawili: mtoto ni mjinga au mtoto ni chizi. Atakushukuru kwa heshima, na humuoni tena.

Huzuni kwa Kiswahili haikai kwenye akili kabisa. Inakaa moyoni. Moyo unauma, moyo unakwenda mbio, moyo mzito, roho imenyong'onyea. Hofu inakaa tumboni, wasiwasi unapanda kichwani hadi kichwa "kinajaa" au "kinawaka moto". Mawazo nayo, ambayo kwenye vitabu ni kufikiri tu, mtaani ni ugonjwa kamili: "Dada yangu ana mawazo" maana yake halali, hali, amekonda. Vijana wa sekondari wana yao: "nina stresi", "nimevurugwa". Wataalamu wana neno zuri la sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, lakini kwa miaka yote niliyokaa pale sijamsikia mtu hata mmoja akiingia getini akisema ana sonona. Anasema anaumwa kichwa kisichosikia dawa.

Kwa hiyo mtoto anayelalamika tumbo giza linapoingia hajakosa maneno ya kueleza hisia, wala hadanganyi. Anasema hofu yake mahali ambapo lugha yake imeiweka. Tatizo linakuja pale maswali yanapotoka kwenye lugha nyingine. Kiingereza, kwa mfano, kina usemi wa mtu "kujihisi bluu", yaani mwenye huzuni, na usemi huo umo ndani ya dodoso moja maarufu linalotumika dunia nzima kupima sonona. Litafsiri neno kwa neno, kisha ukamuulize mtoto wa Kasulu kama wiki hii amejihisi bluu. Atakuambia ndiyo, maana shati la shule ni la bluu.

Kuna namna nyingine ya kuuliza, na si mpya. Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili wa Harvard aliyesomea pia anthropolojia, alipendekeza na wenzake mwaka 1978 kwamba kabla daktari hajatoa jina lake la ugonjwa, aulize familia jina lao. Kwa maneno ya kwetu maswali yake yanakuwa hivi: Hili ninyi mnaliitaje? Mnadhani limetoka wapi? Kwa nini lilianza wakati ule na si wakati mwingine? Linamfanyia nini mtoto? Mnaogopa nini zaidi? Mnataka tiba gani, na mnatarajia ifanye nini? Mwaka 2013 wazo hili liliingizwa kama mahojiano rasmi ndani ya mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili. Lile swali la tatu, la kwa nini wakati ule, lingeutoa mwezi wetu mezani dakika ya kwanza.

Swali gumu kwetu ni la mlikopita. Ukiuliza, "Mmeshakwenda kwa mganga?" jibu ni hapana, daima, kwa sababu kila mtu anakumbuka jirani aliyegombezwa zahanati mbele ya foleni. Mimi husema, "Wengi wanaanza kwa shehe au kwa babu, ninyi mlianzia wapi?" Hapo mambo yanafunguka: walisomewa dua, mtoto akanyweshwa kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya aya), shangazi wa Tabora akatuma dawa ya kuoga. Hawa si watu wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha wagonjwa wa Dar es Salaam waliokwenda vituo vya afya vya msingi na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Matatizo ya kawaida ya sonona na wasiwasi yalikutwa kwa asilimia 24 ya waliokuwa vituoni, na kwa asilimia 48 ya waliokuwa kwa waganga. Tena hiyo ni Dar, si Kakonko. Mwenye moyo mzito anaelekea kule anakoulizwa nyumba yao na ukoo wao.

Nisieleweke kwamba namsifia kila mwenye tunguri. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga na inataka wasajiliwe, na wapo wenye busara ambao ukikaa nao kwa heshima watakuletea mgonjwa. Wapo pia wa kufunga watu kamba, wa kuchanja mtoto mdogo, wa kumuambia mama kwamba aliyemloga mwanawe ni bibi wa nyumba ya pili. Hili la mwisho kwa Kanda ya Magharibi si mzaha, tunajua bibi wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni walivyouawa. Kifafa nacho kina dawa ya vidonge, na kumwachisha mtoto vidonge kwa sababu ya pepo ni kumweka karibu na moto wa jikoni aanguke. Kuzingatia utamaduni kuna mpaka, na mpaka ni mwili wa mtoto.

Ndani ya mpaka huo kuna mengi ambayo hayakuletwa na mradi wowote. Nenda msibani Tabora uone watani. Nyumba imejaa kilio, mara anaingia mtani wa Wanyamwezi, analala pale alipolala marehemu, anakohoa kama yeye, anadai deni la pombe. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Mgeni atashangaa, lakini mtu ambaye moyo wake umekaza siku tatu amepata pa kupumulia, na kilichomsaidia ni ruhusa ambayo jamii nzima imeitoa tangu zamani. Au mtoto mchanga anayelia usiku na hospitali haioni kitu, wazee wanasema analilia jina, anatafutiwa jina la babu au bibi aliyetangulia. Huenda alikuwa na gesi tu. Lakini mama aliyekuwa anahangaika peke yake sasa ana ukoo mzima uliokusanyika kuzungumzia usingizi wake. Hata Baswezi, kile chama cha Wanyamwezi cha watu walioshikwa na pepo, kinafanya jambo ambalo wodi nyingi haziliwezi: aliyeugua haachwi, anaingizwa kwenye kundi la walioumwa kabla yake.

Suala la mapepo mashuleni linahitaji maneno kidogo zaidi, maana linajirudia. Wasichana wa bweni wanaanza kuanguka, mmoja, watano, ishirini. Mwalimu wa zamu anasema wanaigiza. Mzazi anasema kuna mtu amefukia kitu uwanjani. Nchi hii ina mfano ulioandikwa dunia nzima: shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, ambako kuanzia Januari 30, 1962 wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko kisichozuilika hadi shule ikafungwa mwezi Machi. Husimuliwa kama kichekesho, lakini wale wasichana walikuwa wanalia pia na kuhangaika. Madaktari walitafuta sumu na vimelea, hawakupata. Mwili wa kundi lililobanwa hutoa kelele kundi linapokosa njia nyingine, na miili ya watu wanaoishi pamoja huambukizana, kama miayo. Sasa ukiwaita waongo, wataanguka zaidi ili waaminike. Ukiita umati na spika na waombaji kumi mbele ya shule nzima, umewapa wengine jukwaa la kuangukia. Kinachosaidia ni kimya: waliopatwa watengwe kwa upole, wapumzike, wazazi waruhusiwe kumleta kiongozi wao wa dini pembeni wakitaka, halafu mtu mzima anayeaminika akae na wasichana aulize bweni hilo lina nini. Mitihani? Njaa? Mwalimu anayeingia usiku?

Hilo swali la mwisho lisirukwe. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Pepo linaweza kuwa jina la heshima la jambo ambalo mtoto hathubutu kulitaja, hasa kama aliyelifanya ndiye anayelipa ada. Heshima yetu kwa wakubwa, ambayo ni nzuri, hapa inageuka kufuli. Ndiyo maana mtoto aulizwe pia akiwa peke yake, mama mdogo au shangazi akikaa mbali kidogo lakini aonekane.

Kwenye kambi za wakimbizi mambo yana sura nyingine. Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996, ilianza na Wakongo, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi wengi, wengine wakaenda Nduta na Mtendeli, iliyofungwa 2021. Kule kijana wa miaka 20 anaweza kuwa hajawahi kuishi kwingine. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2007 ya msaada wa kisaikolojia wakati wa dharura inaupanga msaada kama piramidi: chini kabisa chakula, maji na usalama, juu yake familia na jamii, juu yake msaada wa watu waliofunzwa ingawa si wataalamu, na kileleni pembamba kabisa madaktari. Watu hupenda kuzungumzia kilele. Lakini mama ambaye mgawo wa chakula umepunguzwa na hajui kama mwakani atakuwa hapa au Burundi, mawazo yake hayaanzii kichwani. Na lugha: nimemuona binti wa miaka 12 akimtafsiria mama yake kutoka Kirundi mambo yaliyompata mama njiani. Mama anapunguza maneno ili kumlinda mtoto, mtoto anapunguza tena ili kumlinda mama, na daktari anaandika "hana shida kubwa". Mkalimani mtu mzima ni sehemu ya tiba, alipwe.

Tena wasio wataalamu wanaweza mengi. Jaribio lililofanyika Moshi na Bungoma ya Kenya, mjini na vijijini, kwa watoto yatima 640 wa miaka 7 hadi 13, matokeo yakatoka mwaka 2020, lilitumia watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, wakiongoza vikundi vya watoto na walezi wao kuzungumzia waliofariki. Mwishoni mwa tiba watoto walionekana kupata nafuu zaidi ya wenzao katika maeneo 3 kati ya 4. Hilo la nne ndilo linalonivutia: tiba ileile, mafunzo yaleyale, mahali pengine, jibu lingine.

Kuna jambo moja la kuharakisha. Kijana akisema amechoka kuishi, usisubiri mwezi wala shehe wala kikao cha ukoo. Kaa naye, asibaki peke yake, ondoa vya kumdhuru, mpelekeni hospitali: Maweni kwa Kigoma, Kitete kwa Tabora, au kituo cha afya kilicho karibu. Kwa mtoto aliye hatarini, namba 116 inapigwa bure. Familia nyingi huficha kwa sababu kujaribu kujiua kimeandikwa kama kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, hivyo zahanati wanasema "amekosea dawa". Kwa maoni yangu kifungu hicho kinatuletea wagonjwa wakiwa wamechelewa, na kinatunyima nafasi ya kuuliza kwa nini.

Turudi Kibirizi. Muuguzi yule, nilipomweleza habari za mwezi, hakukasirika. Aliwaita tena siku za giza na kumwita bibi mzaa baba. Ndipo likatoka lile ambalo nyumba nzima ilikuwa imelikalia: hakuna maiti, hakuna kaburi, kwa hiyo hakuna matanga. Nusu ya ukoo ilisema baba yuko upande wa Kongo na atarudi. Mama hakujua kama ni mjane, wala eda ianze lini. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, ameandika miaka mingi kuhusu msiba wa aina hii, ambapo mtu hayupo na hajafa. Bibi alisema kwa ufupi zaidi: "Huyu mtoto anakaa mlangoni kwa sababu sisi wote tumekaa mlangoni."

Karatasi za semina hazina tiba ya hilo. Shehe wa mtaa anayo. Baada ya Idi, alipokwisha kushauriana na wakubwa wake, ikasaliwa swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, hitima ikasomwa, eda ikaanza kuhesabiwa. Muuguzi aliendelea kumuona mtoto kila wiki mbili, akamfundisha kupumua taratibu tumbo linapokaza, akamfanya amchoree chombo cha baba yake. Mei 15 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, miezi mitatu, na mtoto akalala miezi mitatu kama gogo. Mtaani wakasema kapona. Mama akasema tusubiri.

Ziwa lilifunguliwa katikati ya Agosti, lakini mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, hivyo giza lenyewe lilikuja mwanzoni mwa Septemba. Mama alikuwa anamalizia eda, hatoki jioni. Bibi akamshika mjukuu mkono wakashuka mwaloni kununua dagaa wabichi ambao, kwa kweli, saa zile hawapo. Injini zikaanza. Mtoto akashika tumbo, wakakaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa hadi taa zikawashwa moja moja kule mbele, mpaka ziwa likafanana na mji. Bibi aliniambia kwamba hakumwambia neno lolote. Mtoto ndiye aliyeuliza ile taa ya mwisho kulia ni ya nani, na bibi akamjibu kuwa hajui, wangoje asubuhi waulize.